SLENDRO KATIKA NYUZI SITA: KUJIFUNZA NGAZI YA GAMELAN KWA GITAA NA FUNZO LAKE KWA MKUSANYAJI WA NYIMBO MUTOMO

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kujifunza kuipiga slendro, ngazi ya sauti tano inayotumika katika muziki wa gamelan wa Indonesia, kwa gitaa la kawaida la nyuzi sita. Mpigaji anayelengwa ni yule wa Mutomo, kusini mwa Kitui, ambaye masikio yake yamelelewa na benga. Hoja inayojengwa ni kwamba zoezi hili halimhusu mwanamuziki peke yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya nyimbo za asili hukabiliwa na tatizo lile lile la mpigaji gitaa: ana chombo kilichogawanywa tayari, na anataka kukitumia kubeba kitu ambacho hakikugawanywa hivyo. Kwa hiyo makala yanaanza na chombo, yanapitia zoezi lenyewe hatua kwa hatua, na kumalizia na yale ambayo mkusanyaji wa fasihi simulizi anapaswa kuyafanya kabla wazee wanaozijua nyimbo hawajatutoka.

1.0 Utangulizi

Ni desturi ya mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani kurudi na maneno. Wimbo huandikwa kwa lugha ya asili, hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha huchambuliwa kwa kuzingatia maudhui na fani. Takriri huhesabiwa, tashbihi hutajwa, kiitikio hutengwa na sauti ya mwimbishaji. Jambo moja tu huachwa nje ya karatasi, nalo ndilo linaloufanya wimbo uitwe wimbo: mpangilio wa sauti zake. Pale ambapo mkusanyaji hujaribu kuuandika mpangilio huo, aghalabu hutumia do-re-mi aliyofunzwa shuleni au kanisani, na sauti isiyoingia katika do-re-mi husogezwa hadi iingie.

Ukambani kosa hili lina uzito wa pekee. Kikamba ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili sanifu ambacho hutegemea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Anayeuhifadhi wimbo wa Kikamba kwa herufi tupu amehifadhi nusu ya wimbo na, pengine, nusu ya maneno pia. Ni kweli kwamba wapo waliolishughulikia suala la muziki wenyewe. P. N. Kavyu alichapisha kitabu kizima cha utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977, naye George Senoga-Zake akaandika kuhusu muziki wa asili wa Kenya katika kitabu kilichotoka mwaka 1986. Hata hivyo, kazi za aina hii husomwa zaidi katika idara za muziki kuliko katika idara za Kiswahili.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili atajifunzaje kusikia sauti ambazo sikio lake limezoea kuzisahihisha? Njia mojawapo ni kulipeleka sikio hilo ugenini. Akijifunza ngazi ambayo hana mazoea nayo hata kidogo, atatambua kwamba hata ile aliyoizoea ni ngazi mojawapo tu miongoni mwa nyingi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

2.0 Gamelan na ngazi zake

Gamelan ni kundi la ala zinazopigwa pamoja, hasa katika visiwa vya Java na Bali. Ala nyingi ni za shaba nyeusi: saron yenye vibao vya chuma, bonang yenye safu za vyungu vidogo vilivyofunikwa, kenong, kempul, na gong ageng, ambalo ndilo gongo kubwa kuliko yote. Pamoja nazo huwapo ngoma iitwayo kendang na, mara nyingi, filimbi, zeze na marimba ya mbao iitwayo gambang. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza gamelan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ala hizi hupewa heshima ya mtu. Kundi moja la ala huweza kuwa na jina lake, likitanguliwa na neno Kyai, ambalo kwa Kijava ni neno la kumheshimu mzee au mwanachuoni. Mpigaji huvua viatu, na si adabu kuiruka ala kwa mguu. Katika miji ya Yogyakarta na Surakarta yapo makundi maalumu ya ala yanayopigwa wakati wa Maulidi katika sherehe za Sekaten. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako Maulidi huja na dufu na kasida, hataona ugeni mkubwa hapo.

Gamelan ina ngazi mbili. Ya kwanza ni slendro, yenye sauti tano ambazo hatua zake hukaribiana kwa ukubwa. Ya pili ni pelog, yenye sauti saba zilizopishana kwa hatua ndogo na kubwa, ingawa aghalabu wimbo mmoja huegemea sauti tano kati ya hizo. Katika maandishi ya tarakimu yanayotumika Java, sauti za slendro huandikwa 1, 2, 3, 5 na 6. Namba 4 hairukwi kwa sababu kuna sauti iliyopotea. Huo ni utaratibu wa kuandika tu, na hatua kutoka 3 hadi 5 inakaribia kuwa sawa na hatua kutoka 2 hadi 3.

Ili kulinganisha ngazi za watu mbalimbali kunahitajika kipimo kisichoegemea upande wowote. Kipimo hicho kilitolewa na Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, alipoigawa oktava katika sehemu 1200 alizoziita senti. Oktava ni umbali kati ya sauti moja na dada yake wa juu, kama wanavyosikika mwanamume na mtoto wanapoimba wimbo mmoja kwa pamoja. Katika kinanda na gitaa, oktava ina hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Katika slendro, oktava hiyo hiyo ina hatua 5. Laiti hatua hizo zingalikuwa sawa kabisa, kila moja ingalikuwa senti 240.

Ikumbukwe kwamba hakuna gamelan inayolazimika kuwa na 240 kamili. Kila kundi la ala hulinganishwa lenyewe kwa lenyewe na mfua shaba wake, na hatua moja huweza kuzidi au kupungua kidogo. Saron ya kundi moja haichukuliwi ikapigwe na kundi jingine. Hivyo basi, 240 inayotumiwa katika makala haya ni mfano wa kufundishia, si sheria.

3.0 Gitaa la Ukambani

Mpigaji gitaa wa Mutomo hakulelewa na gamelan. Amelelewa na benga, muziki uliozaliwa miongoni mwa Waluo na kuenea Ukambani, ukapata sura yake huko kupitia bendi kama vile Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo. Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, na kwa njia hiyo akawafikia wasikilizaji waliokuwa mbali na Machakos na Kitui.

Kuna jambo katika asili ya benga linalomfaa mwanafunzi wa slendro. Wapigaji wa mwanzo wa benga walilichukua gitaa na kulifanya liseme kama nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, na kila uzi hutoa sauti yake mmoja kwa mmoja. Mpigaji haubani uzi kwenye ubao ili kubadilisha sauti. Kwa maneno mengine, muziki ambao kijana wa Mutomo anauona kuwa wa gitaa tangu zamani ni matokeo ya tafsiri: ala ya zamani ilihamishwa ikaingizwa katika ala mpya. Kilichofanyika mara moja kinaweza kufanyika tena.

Zaidi ya hayo, benga huwa na magitaa mawili au zaidi yanayojibizana, moja likijaza nafasi iliyoachwa na jingine. Gamelan nayo hujengwa kwa sehemu zinazojazana. Mpigaji wa Mutomo anayo tayari tabia ya kusikiliza mwenzake. Linalomkosesha ni freti.

4.0 Tatizo la freti

Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Faida yake ni kwamba mpigaji akibana nyuma ya chuma hupata sauti safi bila kubahatisha. Hasara yake ni kwamba sauti zilizo katikati ya chuma na chuma hazipatikani kwa urahisi. Udi wa taarab hauna freti, na ndiyo maana mpigaji wake huweza kuzifikia sauti za maqamu ambazo hazimo katika kinanda. Gitaa ni kama fomu ya serikali yenye visanduku: asiye na kisanduku chake hulazimika kujiandika katika cha jirani.

Tazama hesabu yake. Slendro ya mfano inahitaji sauti katika senti 0, 240, 480, 720, 960 na 1200. Freti za gitaa zipo katika 0, 100, 200, 300 na kuendelea hadi 1200. Hakuna hata sauti moja ya katikati inayokutana na freti. Mpigaji ana njia tatu za kulishughulikia tatizo hili, nazo zinafanana mno na njia za mfasiri.

5.0 Njia tatu

5.1 Njia ya kukaribisha

Katika njia hii mpigaji hutafuta freti iliyo karibu zaidi na kila sauti. Akiwa kwenye uzi mmoja, atapiga uzi mtupu, freti ya 2, ya 5, ya 7, ya 10 na ya 12. Sauti yake ya pili itakuwa chini kwa senti 40, ya tatu juu kwa 20, ya nne chini kwa 20, na ya tano juu kwa 40.

Wanafunzi wengi hukimbilia do, re, mi, so, la, yaani freti za 2, 4, 7 na 9, kwa sababu nayo ni ngazi ya sauti tano na wanaijua. Uchaguzi huo ni mbaya zaidi. Sauti ya tatu hukosewa kwa senti 80, na ya tano kwa 60. Hili ni funzo la kwanza: mlingano wa idadi si mlingano wa maana. Ngazi mbili zaweza kuwa na sauti tano kila moja na zisiwe ngazi moja, kama vile lugha mbili zaweza kuwa na neno moja kwa kila kitu na maneno hayo yasibebe uzito sawa.

5.2 Njia ya kuvuta uzi

Hapa mpigaji hubana freti iliyo chini ya sauti anayoitaka, kisha akausukuma uzi kando kwa kidole ili sauti ipande. Ubora wake ni kwamba sauti yoyote hufikika. Udhaifu wake ni kwamba uzi ukivutwa hupanda tu, haushuki. Kwa hiyo sauti ya 480 haiwezi kuchukuliwa kutoka freti ya 5, ambayo imeshapita, bali kutoka freti ya 4 kwa kuvuta senti 80. Kuvuta kwa kiasi tofauti kwa kila sauti huuchosha mkono na huifanya ngazi iyumbe.

5.3 Njia ya kulinganisha upya

Hii ndiyo njia inayopendekezwa. Badala ya kuulazimisha mkono uikimbize slendro kwenye freti, nyuzi zenyewe zinalinganishwa upya. Uzi wa 6 ni ule mnene, uzi wa 1 ni ule mwembamba.

Uzi wa 6 (E) uachwe ulivyo. Huu ni sauti 1.
Uzi wa 5 (A) ushushwe senti 20. Huu ni sauti 3.
Uzi wa 4 (D) ushushwe senti 40. Huu ni sauti 6.
Uzi wa 3 (G) ushushwe senti 60. Huu ni sauti 2 ya oktava ya juu.
Uzi wa 2 (B) upandishwe senti 20. Huu ni sauti 5 ya oktava ya juu.
Uzi wa 1 (E) uachwe ulivyo. Huu ni sauti 1, oktava mbili juu ya uzi wa 6.

Mwenye simu yenye programu ya kulinganishia gitaa atazisoma senti hizi kwenye kioo. Asiye nayo atatumia sikio, na pengine atafaidika zaidi. Kila mpigaji anajua kulinganisha kwa freti ya 5: hubana freti ya 5 ya uzi wa 6, kisha huulinganisha uzi wa 5 hadi zitoe sauti moja. Katika slendro afanye vivyo hivyo, ila aushushe uzi mtupu kidogo chini ya ile freti ya 5, hadi asikie sauti mbili zikitetemeka pamoja kwa mawimbi. Katika jozi ya chini mawimbi yatakuwa zaidi kidogo ya moja kwa sekunde. Katika jozi ya juu yatakaribia manne. Utaratibu ni ule ule kwa jozi zote tano, hata kati ya uzi wa 3 na wa 2, ambapo kwa kawaida gitaa hutumia freti ya 4. Mwisho, uzi wa 1 na wa 6 vipigwe pamoja. Visipopatana kama dada wa oktava, basi makosa madogo yamejumlika mahali fulani, na kazi ianzwe upya.

Sababu ya kufaulu kwa mpango huu ni nyepesi. Umbali kati ya uzi na uzi sasa ni senti 480, yaani hatua mbili kamili za slendro. Kwa hiyo nyuzi tupu zinaruka sauti moja moja, na sauti iliyorukwa hupatikana juu ya kila uzi kwa senti 240. Hapo ni freti ya 2, ambayo hutoa 200, pamoja na kuvuta kidogo kwa senti 40. Kidole kina kazi moja tu, na kazi hiyo ni ile ile katika nyuzi zote. Ngazi nzima ya oktava mbili inakuwa hivi: uzi wa 6 mtupu (1), uzi wa 6 freti ya 2 (2), uzi wa 5 mtupu (3), uzi wa 5 freti ya 2 (5), uzi wa 4 mtupu (6), uzi wa 4 freti ya 2 (1 ya juu), uzi wa 3 mtupu (2), uzi wa 3 freti ya 2 (3), uzi wa 2 mtupu (5), uzi wa 2 freti ya 2 (6), na uzi wa 1 mtupu (1).

Asiyependa kuvuta anaweza kuifunga freti ya muda. Kwa gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 650 kutoka kwenye kidaraja cha kichwani hadi kwenye kidaraja cha chini, freti ya 2 ipo kama milimita 71 kutoka kichwani, na ya 3 kama milimita 103. Sauti ya senti 240 ipo milimita 84. Uzi wa plastiki wa kuvulia samaki, wenye unene unaolingana na kimo cha freti, ukizungushwa shingoni hapo na kukazwa barabara, hutosha.

6.0 Zoezi la mapigo 16

Ngazi si wimbo. Ili slendro isikike kama slendro inahitaji kuwekwa katika mzunguko. Mojawapo ya mizunguko ya Java huitwa ketawang. Una mapigo 16 ya sauti za msingi. Kenong hulia katika pigo la 8 na la 16, kempul hulia katika pigo la 12, na gongo kubwa hulia katika pigo la 16 pekee. Uzito wa mzunguko upo mwishoni. Mapigo yote yanasafiri kulielekea gongo, na gongo likilia ndipo msikilizaji anapojua alikuwa akienda wapi.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Kina cha kati huja katika mizani ya 8, kina cha mwisho katika mizani ya 16. Sikio la msomaji wa mashairi limefunzwa kungoja mahali pale pale ambapo kenong na gongo hulia. Kufanana huku si ushahidi wa udugu kati ya Java na Lamu. Ni kufanana kwa kazi tu: kila upande unalisaidia sikio kukumbuka kwa kuliahidi kitu na kukitimiza kwa wakati. Lakini kwa mwalimu ni daraja zuri mno la kupitishia mwanafunzi.

Zoezi lifuatalo limetungwa kwa ajili ya somo hili, na linatumia nyuzi za 6, 5 na 4 pekee:

1 3 2 5 – 3 5 6 2
6 5 3 5 – 2 3 2 1

Kwanza, mapigo yapigwe polepole na kwa usawa. Pili, kila sauti inyamazishwe mara tu inayofuata inapopigwa. Mpigaji wa saron hubana kibao alichokipiga kwa mkono wa kushoto wakati mkono wa kulia unapiga kingine. Mpigaji gitaa atatumia kiganja. Asipofanya hivyo sauti zitaogelea moja juu ya nyingine na ngazi haitasikika. Tatu, katika pigo la 8 apige kwa uzito kidogo, na katika pigo la 16 aupige uzi wa 6 kwa nguvu na kuuacha ulie hadi ufifie. Huo ndio gongo wake.

Baada ya hapo aje mpigaji wa pili, kama ilivyo katika benga. Huyu apige sauti zile zile oktava moja juu, kila sauti mara mbili kwa haraka. Huko juu 1 ni uzi wa 4 freti ya 2, 2 ni uzi wa 3 mtupu, 3 ni uzi wa 3 freti ya 2, 5 ni uzi wa 2 mtupu, na 6 ni uzi wa 2 freti ya 2. Iwapo gitaa la pili litalinganishwa juu kidogo tu ya la kwanza, sauti za pamoja zitatetemeka. Mtetemo huo Ulaya huitwa kasoro. Bali huitwa ombak, yaani wimbi, na mfua shaba huutafuta kwa makusudi kwa kutengeneza ala jozi jozi, moja juu kidogo ya nyingine. Ala isiyo na wimbi hilo huonekana kwao kuwa imekosa uhai.

7.0 Jirani aliye karibu zaidi

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka Bahari ya Hindi ili asikie ngazi inayoigawa oktava katika hatua tano zinazokaribiana. Uganda ipo. Amadinda ya Buganda, marimba ya vibao 12, hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana na kupishanisha mapigo yao. Sehemu ya kwanza huitwa okunaga, ya pili okwawula. Wa tatu, kwa okukoonera, hurudia zile sauti zinazoangukia vibao viwili vya juu. Klaus Wachsmann, aliyeiongoza Makumbusho ya Uganda kuanzia mwaka 1948, alizipima ala za Kiganda na kuona kwamba hatua zake zinakaribia kuwa sawa.

Ukaribu huo na slendro ulimfanya A. M. Jones aandike kitabu mwaka 1964 akidai kwamba marimba za Afrika zilitoka Indonesia. Dai hilo lilipata wapinzani wengi. Kwamba watu wa visiwa vya Asia walifika upande huu wa bahari ni jambo lisilo na shaka, kwani Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu wa lugha za Borneo. Hata hivyo, watu wawili wanaoigawa mikate yao vipande vitano sawa si lazima mmoja awe amemwiga mwenzake. Mwanafunzi wa fasihi linganishi anaijua hatari hii kutokana na mijadala kuhusu ngano zinazofanana: kufanana ni swali, si jibu.

Buganda inatoa funzo jingine, nalo ni zito. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia kasri la Kabaka, ala za kifalme zikaharibiwa, wanamuziki wakatawanyika. Ufalme haukurejeshwa hadi mwaka 1993. Ngazi ya sauti ilihifadhiwa na nini katika miaka hiyo? Ilihifadhiwa na vichwa vya wachache walionusurika, miongoni mwao Evaristo Muyinda, aliyekuwa ameshawafundisha wengine, na kanda zilizorekodiwa katika kasri hilo na Hugh Tracey mwaka 1950 na 1952. Maneno ya nyimbo peke yake yasingalitosha. Hakuna mtu ambaye angaliweza kuyasoma maneno hayo na kuchonga kibao cha amadinda kilicho sahihi.

8.0 Funzo kwa mkusanyaji wa Mutomo

Makala haya hayadai kwamba nyimbo za Wakamba ni za slendro. Kudai hivyo kungekuwa kurudia kosa la Jones katika kijiji kimoja. Yanayodaiwa ni machache na yanaweza kujaribiwa.

Kwanza, mkusanyaji akimsikia mzee akiimba wimbo wa kilumi, na ikamjia fikra kwamba mzee "amekosea sauti", asubiri. Ajiulize sauti imekosewa kwa kipimo cha nani. Amrudishe mzee kwenye wimbo huo siku nyingine. Ikiwa sauti ile ile itaangukia mahali pale pale, basi hilo si kosa; ni ngazi. Aliyekwisha kuipiga slendro kwa mkono wake mwenyewe, na kuona jinsi senti 40 zinavyoibadilisha sura ya wimbo, hatakuwa mwepesi wa kumhukumu mzee.

Pili, arekodi kabla ya kuandika, na arekodi bila kusindikizwa na gitaa wala kinanda. Ala yenye freti humvuta mwimbaji aifuate. Ngui, yaani mwimbaji kiongozi, akishapewa gitaa nyuma yake ataimba kwa ngazi ya gitaa, naye mkusanyaji atarudi chuoni akidhani ameupata wimbo wa asili.

Tatu, katika uandishi, sauti isiyokuwa na kisanduku iwekewe alama yake. Inatosha kuandika mshale wa juu au wa chini kando ya noti. Msomaji ajaye atajua kwamba palikuwa na kitu hapo.

Nne, suala hili liingizwe katika mjadala wa tafsiri. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na kuuita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alichagua freti iliyokuwa karibu na hadhira yake ya wakati ule, si ile iliyokuwa karibu zaidi na neno la Kiingereza. Uchaguzi huo unajadiliwa hadi leo kwa sababu unaonekana. Matini asilia ipo, na yeyote anaweza kulinganisha. Mkusanyaji anayeisogeza sauti ya wimbo wa Mutomo hadi kwenye do-re-mi naye anafasiri, ila anafasiri na kuichoma matini asilia. Mzee akifariki hakuna wa kulinganisha naye.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba gitaa la kawaida linaweza kuipiga slendro kwa mabadiliko madogo: nyuzi nne zisogezwe kwa senti zisizozidi 60, na kidole kimoja kijifunze kuvuta kwa kiasi kimoja. Kazi hiyo haihitaji ala mpya wala fedha. Inahitaji jioni kadhaa na subira. Imeonyeshwa pia kwamba mzunguko wa ketawang wenye mapigo 16 unaweza kufundishwa kwa kupitia mizani ya shairi la Kiswahili, na kwamba amadinda ya Uganda ni jirani anayestahili kusikilizwa kabla ya kwenda mbali.

Kwa idara za Kiswahili, pendekezo ni moja. Mwanafunzi anayetumwa nyanjani apewe, pamoja na dodoso na kinasa sauti, mafunzo mafupi ya kusikia ngazi zisizo za kinanda, yawe ya slendro, ya amadinda au ya maqamu. Kusini mwa Kitui wapo bado wanaozikumbuka nyimbo zilizoimbwa kabla gitaa halijafika huko. Idadi yao haiongezeki. Maneno yao yameanza kuandikwa, na ni jambo la kushukuriwa. Sauti zao nazo ziandikwe zilivyo, hata pale zinapotua katikati ya freti mbili.